Luteni Mwenze wa Jeshi la Akiba

Mwenze alifika Brussels mwaka 1991 akitokea Lubumbashi, akiwa mwanafunzi na askari kwa pamoja. Ndivyo mpango wenyewe ulivyokuwa. Jeshi la Zaire lilitaka mainjinia wa barabara na madaraja, wala halikuwa na pa kuwasomesha. Basi likawachagua vijana waliofaulu hesabu, likawaweka kambini msimu mmoja wajifunze kupiga saluti na kusoma ramani, likawaandika maofisa wa akiba, kisha likawalipia chuo kikuu Ulaya. Masharti yalisomwa haraka haraka siku ya kutia sahihi: likizo kubwa unarudi kambini kwa mazoezi, ukimaliza masomo unalitumikia jeshi miaka kumi, vita ikizuka kabla hujamaliza, ukiitwa unakwenda. Na mzazi naye alitia sahihi yake, kwamba mtoto asipoitika, familia itajibu.

Papa Numbi, baba yake, alitia sahihi bila kuuliza neno "kujibu" lina maana gani. Alikuwa amezeeka kwenye kazi ya reli, mkewe alikwisha kufa, na hakuona njia nyingine ya kumfikisha mtoto wake chuo kikuu. Jioni ile alitembea mtaa mzima akimtambulisha Mwenze kwa watu waliomjua tangu anatambaa. "Luteni," aliwaambia. "Huyu ni luteni."

Mdogo wake Mwenze, Constant, alikuwa fundi cherehani. Alishonea barazani, mguu mmoja kwenye pedali, akiongea na kila apitaye. Alipoiona sare ya kaka yake alicheka hadi akakaa chini, akasema jeshi lenye suruali iliyoshonwa hivi litashindwa na mbuzi. Akaifumua mishono yote, akaishona upya kwa usiku na asubuhi, na Mwenze alipanda ndege akiwa na sare nzuri kuliko ya jenerali.

Huku Brussels alipata chumba mtaa wa Ixelles, juu ya duka la vitenge kwenye barabara ya Chaussée de Wavre. Alisoma kwa bidii ya mtu anayejua kwamba hana pa kurudi mikono mitupu. Miaka miwili ya kwanza alirudi kambini wakati wa likizo, akakimbia kwenye vumbi, akalala kwenye hema, akaja tena chuoni amekonda. Halafu nchi yake ikaanza kubomoka. Askari wasiolipwa walipora miji, tiketi za likizo zikakoma, na bourse, ile posho ya masomo, ikawa inakuja siku inayojisikia. Mwenze aliosha sahani kwenye mikahawa ili amalizie mwaka. Lakini jeshi halikumsahau. Mara kwa mara koloneli wa ubalozi aliwakusanya wanafunzi wa mpango ule kwenye ukumbi wa chini, akawasimamisha mstari, akawaita kwa vyeo vyao.

"Bourse inaweza kuchelewa," aliwaambia. "Kiapo, non. Hicho hakichelewi."

Katika miaka hiyo alikutana na Mathilde. Alikuwa Mrundi wa Bujumbura, aliyekuwa akihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, mtaa wa Ganshoren. Kwao aliacha kaburi la kaka yake, aliyeuawa na watu waliovaa sare, na kwa sababu hiyo siku aliyoiona suruali ya kijeshi kwenye kabati la Mwenze alilifunga kabati, akatoka kwenda kutembea hadi miguu ikamuuma. Aliporudi alitaka kujua kama ile kazi itakwisha. Mwenze alimwambia itakwisha. Walipanga kuoana akishapata diploma.

Mwisho wa mwaka 1996, vita ya mashariki mwa Zaire ilipopamba moto, koloneli aliwaita tena. Safari hii hakuwasimamisha mstari. Aliwaambia nchi imeshambuliwa, jeshi la akiba linaitwa, mainjinia wanatakiwa kuliko wote kwa sababu madaraja ya msituni ndiyo yatakayoamua mambo. Ndege ingeondoka uwanja wa Zaventem wiki iliyofuata. Mmoja wa wanafunzi aliuliza kama wanaobakiza mwaka mmoja tu hawawezi kusubiri. Koloneli alimtazama kama mtu anayetazama kiti, kisha akaendelea kusema.

Mwenze alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho ya chuo. Alikwenda Ganshoren akamweleza Mathilde, naye hakulia wala hakubishana. Alimvulisha koti, akalitundika, akasema, "Utakaa hapa. Kule Ixelles watakujia. Hapa hakuna anayekujua." Na kweli, Ganshoren ilikuwa mahali pa wazee na mbwa wao, kimya, mapazia yamefungwa tangu saa kumi na moja. Mwenze akahamia chumba cha Mathilde na vitabu vyake. Siku ya ndege alikaa dirishani akiandika.

Hakupiga simu nyumbani. Alifikiri hivi: wakimuuliza baba yuko wapi, baba asiyejua hawezi kusema, na asiyeweza kusema wataachana naye. Aliona ni busara. Alinyamaza mwezi hadi mwezi, akajiambia ananyamaza kwa ajili yao.

Mwezi wa tano 1997 serikali iliyomtuma ilianguka, na nchi ikabadilishwa jina. Koloneli aliondoka ubalozini bila kumuaga mtu. Mwezi wa sita Mwenze alitetea kazi yake mbele ya maprofesa, kuhusu namna daraja la zamani linavyobeba mzigo ambao halikujengewa, na wakampa alama za juu. Alitoka pale akiwa mwepesi. Serikali haipo, jeshi halipo, kiapo hakina mwenyewe. Marafiki wakamfanyia sherehe kwenye baa moja ya Matonge, mtaa wa Waafrika kule Ixelles, wakala samaki wa kuchoma, Mathilde akavaa kitenge kipya, na kila aliyeingia alimshika mkono mhandisi.

Katikati ya sherehe aliingia Onésime. Huyu alikuwa jirani yake Lubumbashi, mtoto wa mtaa uleule, aliyekuwa sajenti kwenye jeshi lililoshindwa na sasa amefika Ulaya kwa njia zake. Aliletwa na mtu aliyemwambia kuna sherehe ya wana Katanga. Alipomwona Mwenze alisimama mlangoni. Watu wakamsukuma aingie, yeye akabaki anashika fremu ya mlango.

"Kule kwetu wewe ulikufa," alisema.

Watu walicheka. Onésime hakucheka. Mwenze akamvuta kando, akamkalisha, akampa bia ambayo hakuigusa, akamwambia aseme.

Onésime akasema. Baada ya ile ndege kufika Kinshasa na watu pungufu, majina ya wasiofika yalipelekwa kwenye miji yao. Askari walikwenda kwa Papa Numbi kumtafuta Luteni Mwenze, injinia. Wiki chache baadaye Onésime, aliyekuwa tayari kwenye njia ya Kindu, alimwona luteni huyo akishuka kwenye lori. Alikuwa Constant.

"Nilimuuliza: juu ya nini uko hapa? Akaniambia: nyamaza, hapa mi ni Mwenze. Wakijua, watarudia papa."

Hakuna aliyekuwa akicheka tena mezani. Mathilde alikuwa amekuja kusimama nyuma ya kiti cha Mwenze.

Onésime aliendelea, polepole, akitazama mikono yake. Walikuwa wanarudi nyuma, adui yuko karibu, na mbele yao kulikuwa na daraja la mbao na chuma lililojengwa enzi za Wabelgiji. Kapteni alikuwa na malori ya risasi. Akamwita injinia aseme kama daraja litayabeba. Constant alilitembea daraja lote kwenda na kurudi. Alipiga magoti, akagusa mbao kwa kidole. Kisha akamwambia kapteni ukweli, kwamba yeye ni fundi cherehani, hajui. Kapteni akadhani ni woga, au dharau. Akamwekea bastola sikioni akamwambia achague neno moja, ndiyo au hapana. Nyuma yao milio ya bunduki ilikuwa inasogea. Constant akasema ndiyo.

Lori la kwanza lilifika katikati likazama na watu waliokuwamo.

"Walimufunga mikono," Onésime alisema. "Kapteni alisema ni saboteur, alisoma Ulaya, walimulipa. Wakamupiga risasi pale pale ku mayi ya mto. Mbele ya kumupiga, alitaja jina yake ya kweli. Aliitaja mara mingi. Hakuna mwenye alimusikia."

Mwenze aliuliza alizikwa wapi. Onésime akasema hakuzikwa. Aliandikwa tu: Luteni Mwenze, wa uhandisi, amekufa vitani. Hata neno saboteur, mhujumu, halikuandikwa, kwa sababu kapteni mwenyewe aliuawa kesho yake na hakuna aliyebaki wa kuliandika.

Sherehe iliisha hivyo. Watu waliondoka mmoja mmoja, wakiacha samaki kwenye sahani, na baadhi yao hawakumpa mkono.

Mwenze alipiga simu Lubumbashi kwenye kibanda cha Chaussée de Wavre. Baba yake aliposikia sauti alikata. Akapiga tena, baba akakata tena. Akaacha.

Kisha mambo ya makaratasi yakamfikia. Kibali chake cha kukaa kilikuwa cha mwanafunzi, naye si mwanafunzi tena. Pasipoti yake ilikuwa ya nchi isiyokuwapo. Alikwenda ubalozini kuomba mpya, na kijana aliyempokea, mpole, mwenye tai, alitafuta jina lake akalikuta kati ya maofisa waliokufa vitani. Alimpa pole kwanza, akidhani amekuja kwa ajili ya ndugu. Alipoelewa, alisema jambo si gumu: baba mzazi aende kwenye ofisi ya wilaya Lubumbashi, atamke mbele ya shahidi kwamba mwanawe yu hai. Basi.

Safari hii Mwenze alimpigia jirani, akaomba baba aitwe. Alingoja kibandani huku watu wa foleni wakigonga kioo. Papa Numbi alikuja, akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Mwenze alikufa mu vita," alisema. "Tulikaa matanga, batu yote ya mutaa ilikuya. Mi nilinyoa kichwa. Sasa unataka niende ku bureau niseme tulimulilia nani?"

"Useme ukweli, papa. Useme ni Constant."



"Constant iko na bibi yake na mutoto," baba alisema. "Uko unataka niue papa ya ule mutoto, juu wewe upate kazi? Hapana. Niko na mutoto moja tu anabakia, na jina yake ni Constant. Kama ni Constant anasema, bon, nitamutumia papiye zake, atatafuta namna ya kubeba bibi yake. Kama ni Mwenze, mi sisemake na muntu wa kufa."

Mwenze alitundika simu akatoka kibandani. Alikaa mwaka mzima bila kujibu. Alifanya kazi za kificho, akibeba matofali kwenye jengo moja nyuma ya stesheni ya Gare du Midi, akivuka mtaa kila akiona polisi. Mathilde alitaka wafunge ndoa ili apate kibali, lakini ndoa nayo ilidai hati ya kuzaliwa ya mtu aliye hai, na hati hiyo ilikuwa mikononi mwa baba. Waliandika, wakatuma watu, wakamwomba padri wa parokia amwendee mzee. Padri alirudisha jibu kwamba Papa Numbi alimpokea vizuri, akampa kiti, akamwonyesha misa aliyoandikisha kwa ajili ya marehemu Mwenze.

Majira ya baridi ya 1998 polisi walimkamata kwenye basi. Walimweka ndani siku kadhaa, wakashindwa kujua wamrudishe nchi gani, wakamwachia na amri ya kuondoka. Alipotoka alikuwa ameamua. Alimpigia simu baba yake na kusema jina moja tu, la mdogo wake.

Mathilde alimsikiliza akiwa amekaa kitandani na sare yake ya kazi.

"Nilikungoja umalize shule," alisema. "Nilikungoja umalize uaskari. Alors, sasa unakuwa bwana wa mtu mwingine."

Mwenze alijaribu kusema ni karatasi tu.

"Yule mwanamke si karatasi. Ondoka leo, tafadhali."

Karatasi za Constant zilikuja mkononi mwa msafiri. Mwenze akajiandikisha kama mkimbizi aliyefika jana yake: Constant, fundi cherehani, aliyenusurika vita, kaka yake ofisa aliuawa. Walimuuliza kaka huyo alikufaje, naye akasimulia habari za daraja. Alilia alipokuwa anasimulia, na mkalimani akamletea maji. Walimwamini. Kabla ya mwaka 1999 kwisha alikuwa na kibali, nyumba ndogo Ganshoren aliyotafutiwa na watu wa msaada, na ruhusa ya kumleta mke wake na mtoto.

Mara nyingine alikutana na Mathilde kituo cha basi. Alimsalimia mbele za watu, kwa adabu. "Bonjour, Constant," alisema, na kupanda basi.

Mwadi, mjane wa Constant, alishuka Gare du Midi kwenye treni ya Paris akiwa na begi moja na binti yake Kelly, wa miaka minne, aliyelala begani. Mwenze alikuwa ameandaa maneno ya pole kwa wiki nzima. Alipofungua mdomo Mwadi alimpa mkono kama anavyopewa mtu wa ofisi, akasema kwanza wafike.

Usiku ule, mtoto akiwa amelala, Mwadi alizungumza amesimama. Alimwambia Mwenze kwamba yeye atalala na mwanawe chumbani, na Mwenze sebuleni. Kisha akamweleza siku ya askari. Walikuwa wamemshika Papa Numbi, wamemvua viatu ili wampakie kwenye gari. Constant alitoka barazani, uzi ungali mdomoni, akasema, "Mwenze ni mimi, nimefika jana." Askari walimuuliza mzee kama ni kweli.

"Papa alisema ndiyo," Mwadi alisema. "Alivaa viatu yake, akaingia mu nyumba. Tangu siku ile hajaniangalia mu macho."

Halafu wakaanza kuishi. Mwenze alipata kazi halali ya kuchanganya zege. Wakati mwingine michoro ya jengo ilitandazwa mbele yake, naye aliipita na toroli lake, kwa kuwa Constant alikuwa amesoma ushonaji tu. Diploma, yenye jina la mtu aliyekufa, aliiweka chini ya nguo.

Mwezi wao wa kwanza pamoja alikuja mtu wa komuni, ofisi ya serikali ya mtaa, kuhakikisha kama ni familia kweli. Aliuliza mambo madogo: walikutana wapi, nani alisimamia ndoa, mtoto alizaliwa saa ngapi. Mwenze alikosea mawili. Mwadi aliyarekebisha kwa tabasamu ambalo Mwenze hakuwahi kuliona kabla, akasema wanaume ndivyo walivyo, na yule mtu akacheka akaandika. Mlango ulipofungwa tabasamu liliondoka.

Kuanzia jioni ile alimfundisha. Baada ya chakula alimkalisha mezani na kumwambia Constant alivyokuwa: namna alivyoshika mkasi, nyimbo za kanisani alizoharibu maneno, kwamba aliogopa mbwa, kwamba kwa Mwadi alikuja mara ya kwanza kupima gauni akapima vibaya kwa makusudi ili arudi. Aliuliza, Mwenze akajibu. Akikosea walianza upya. Mwenze alijua mengi ya utoto wa mdogo wake, lakini aliligundua jambo moja lililomtesa: tangu alipoondoka nyumbani hakuwa amemuuliza Constant kitu chochote. Harusi yenyewe alipewa habari zake kwa barua, wakati wa mitihani.

Mtu wa komuni alikuja mara ya pili akaridhika, hakuja tena. Mwenze alidhani masomo yamekwisha. Usiku uliofuata Mwadi aliondoa sahani, akafuta meza, akakaa mbele yake kama kawaida.

"Wamekwisha kutuamini," Mwenze alimwambia.

"Mi sikukufundisha kwa ajili yao."

Kelly alikuwa ameanza kumwita papa, kwa urahisi wa mtoto asiyekumbuka. Jumapili moja alimpandia magotini akataka kusikia siku papa alipomuoa mama. Mwadi alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka. Mwenze alianza kusimulia: kanisa lilijaa, yeye alikuwa amejishonea suti mwenyewe, babu alicheza hadi kofia ikaanguka, jua lilikuwa kali, watu wakakaa chini ya turubai.

"Hapana," Mwadi alisema, kisu kikisimama. "Ilinyesha. Tulilowa sote, na wewe ulicheka. Sema tena."

Mtoto alikuwa anamtazama, anangoja.

"Ilinyesha," alisema. "Tulilowa sote, na mimi nikacheka."